Mama Mdogo wa Darasa la Saba

Nilipokuwa darasa la saba, katika shule moja ya msingi ya Mji wa Kale wa Mombasa, nilivishwa beji ya kiranja wa lango. Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa barazani, na ikishagongwa, kazi yangu ilikuwa kufunga lango na kuwapigisha magoti kwenye kokoto wote waliochelewa, mpaka gwaride la asubuhi liishe. Niliipenda kazi ile. Mtu akikwambia kwamba utotoni hakupenda kuwatawala wenzake, mwambie akatafute mwingine wa kumdanganya.

Mwalimu mkuu alikuwa mgeni kwetu. Alitoka bara, alifunga tai hata siku za joto la kuchemsha, na aliamini kwamba mwanafunzi ana haki ya kusema. Kila Ijumaa kabla ya sala alituita viranja ofisini na kutuuliza, "Wanafunzi wanasema nini?"

"Wanafunzi wanashukuru, mwalimu," kiranja mkuu alijibu kila mara, nasi wengine tukatazama sakafu. Vyoo vilikuwa havina maji na madawati hayatoshi, lakini sisi tulilelewa kwamba mtoto hamwambii mkubwa kasoro ana kwa ana. Neno likiwapo, hutumwa mtu mzima akaliseme. Yeye hakulijua hilo, na sisi hatukujua kwamba halijui. Aliitafuna kalamu yake, akatuambia twende.

Mimi nilikuwa na tatizo ambalo kiranja wa shule nyingine hangelielewa. Darasani mwetu alikuwamo mama yangu mdogo. Mama yangu ni kifungua mimba wa nyanya, na huyu alikuwa kitinda mimba, aliyekuja wakati nyanya mwenyewe alidhani amemaliza. Kwa miezi nilimzidi mimi. Kwa heshima alinizidi yeye, na nyumbani hilo halikuwa na mjadala. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, sikupita mbele yake akila, na akiketi mkekani sikusimama juu ya kichwa chake. Ila wenzetu walitucheka siku ya kwanza waliposikia shikamoo ile, na akaniambia, "Shuleni tusiamkiane." Ilikuwa amri ya mkubwa, nikaitii.

Muhula ule niliishi kwa nyanya. Mama alikuwa Unguja akimuuguza wifi yake, na baba alikuwa melini. Nyanya alikaanga mahamri tangu alfajiri, lakini miguu yake ilikuwa imevimba na ngazi zilimshinda, kwa hiyo mama mdogo ndiye aliyebeba kikapu kupitia barabara ya Ndia Kuu hadi kwa makarani waliotaka kustaftahi kabla ya kazi. Makarani hawakufika kazini mapema kwa ajili ya kengele yetu. Alichelewa karibu kila siku, nami nilimwachia lango wazi kidogo na kutazama pengine.

Kisha mwalimu mkuu akaanza kusimama langoni mwenyewe. Akatangaza kwamba mwenye mazoea ya kuchelewa atarudi nyumbani akalete mzazi, na bila mzazi haingii darasani. Nilikokotoa kichwani ni mzazi gani angeletwa na mama mdogo, sikumpata. Babu alikuwa ameshafariki. Niliogopa, nasema wazi, kwa sababu niliwajua watoto wa kike walioacha shule kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Asubuhi ya pili yake mama mdogo alifika lango limefungwa. Alitua kikapu, akakunja sketi, akapiga magoti kwenye kokoto pamoja na wengine. Nami nikawa nimesimama juu yake na beji yangu. Sikukusudia lolote. Magoti yalikunjika kwa mazoea, nikajikuta chini, mbele yake.

"Kiranja, umechelewa?" aliuliza mwalimu mkuu.

"La, mwalimu."

"Basi unafanya nini hapo?"

"Huyu ni mama yangu mdogo, mwalimu. Siwezi kumsimamia."

Mmoja akacheka. Mwalimu alitutazama, sare moja, umri mmoja. "Shuleni hakuna mama mdogo," alisema. "Simama."

Sikusimama. Ndipo mama mdogo akasema polepole, macho chini, "Inuka. Mimi nakwambia, inuka."

Nikainuka papo hapo.

Kilichomuudhi mwalimu mkuu, na nadhani hakukosea kuudhika, ni kwamba amri yake haikunitikisa na ya msichana aliyepiga magoti ilinisimamisha. Akaniambia nilete mzazi ofisini saa ile ile, au nirudishe beji.

Nimewahi kuambiwa kwamba nilifanya ujanja. Sikufanya. Nilimtafuta mzazi kama nilivyoamriwa: mama Unguja, baba baharini, nyanya miguu. Aliyebaki alikuwa pale kwenye kokoto. Niliinama nikamwambia, "Mama, waitwa ofisini."

Alipangusa magoti, akakaza mtandio, akatangulia. Mimi nilifuata nyuma.

"Sabalkheri, mwalimu," alianza, na hakukimbilia neno lake. Alimuuliza hali yake, akawaulizia watu wake wa bara, akamuuliza kama joto la Mombasa amelizoea. Akajibiwa yote. Kisha akasema, "Naambiwa mtoto wetu amekukosea. Twakuomba umuwie radhi. Adabu anayo, bado hajui kuigawa."

Mwalimu mkuu akamwonyesha kiti cha wazazi. Mama mdogo aliketi, na viatu vyake havikugusa sakafu sawasawa.

"Na wewe?" aliuliza mwalimu, safari hii kwa sauti ya chini. "Nikikutaka wewe ulete mzazi, atakuja nani?"

"Hapana wa kuja, mwalimu. Mamangu miguu haimchukui. Mimi nabeba mahamri asubuhi, ndipo tule. Ukinirudisha nyumbani sitakuja tena. Si kiburi. Ni kuwa hapana wa kunileta."

Hakulia. Mimi nilisimama nyuma ya kiti chake nikiyabana machozi, kwa huruma, na pia kwa fahari, maana sikujua kama aweza kusema vile. Kwa Ijumaa nyingi mwalimu yule alikuwa ameomba neno hilo kwetu sisi wenye beji. Aliitafuna kalamu kwa muda mrefu. Mwishowe akasema kwamba kuanzia kesho mama mdogo ataingia kwa kengele ya pili, ile ya kuingia madarasani, na jioni atabaki kufagia darasa ili afidie. Kuhusu beji yangu hakusema neno, nikatoka nayo.

Kesho yake nilifunga lango kama kawaida. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama kando yangu, wachelewaji wako chini kwenye kokoto, na gwaride zima linatazama upande wetu. Kengele ya pili ikagongwa. Mama mdogo akatokea kwenye kona, kikapu kitupu mkononi. Nikamfungulia.

"Shikamoo, mama," nilisema, kwa sauti iliyofika hadi mstari wa nyuma.

Wachache walicheka.

"Marahaba," alijibu, akapita bila kunitazama, mwendo wa mtu mzima, akaenda kupanga mstari na darasa la saba.