Kisanduku cha Sabuni cha Fundi Vedasto

Anayesema Vedasto wa Ujiji ni fundi redio tu, asiseme mbele yangu. Nitamwashia moto!

Mwaka ule tulipokimbia Burundi, boti ilitushusha Kigoma tumebanana, nikapotezana na mume wangu, Dismasi. Yeye ndiye aliyembeba Klementina, binti yetu mdogo. Simu yangu ilikuwa imezama ziwani, na laini yake ya Burundi haikushika huku. Mabasi yalikuwa yanajazwa, mengine ya kambi ya Nyarugusu, mengine ya Nduta. Kila basi lililowasha injini, nililikimbilia nikichungulia madirishani.

Nikamwomba mwenye kipaza sauti amwite Baba Klementina. Siku hizo nilishika mila: kwetu mke hamwiti mumewe kwa jina, hata aungue. Wakaja kina Baba Klementina watatu, wangu hayumo! Imana yanje, Mungu wangu, nililia mpaka kamasi.

Vedasto alikuwa juu ya ngazi, anarekebisha intaneti ya ofisi ya kupokea wakimbizi. Akashuka.

"Pole, dada. Shemeji ana simu ya kisasa?"

"Anayo, na hotspoti haizimi. Majirani wote walikuwa wananyonya bando letu!"

Akatoa mfukoni kisanduku cha sabuni. Nikadhani ananiambia ninawe uso, nusura nimtukane. Kumbe ndani ameunga kompyuta ndogo sana, kioo na betri ya simu mbovu, na kinaonyesha kila waifai iliyo karibu, pamoja na nguvu zake, hata ya simu isiyo na mtandao. Chombo chake cha kwanza alikiunda ndani ya kopo la bati, bati likazuia mawimbi, hakikunasa kitu, mtaa mzima ukamcheka.

Tukatembea kando ya mabasi, yeye akisoma majina.

"Shemeji ameiitaje hotspoti yake?"

"Huibadilisha kila mara, nitajuaje mimi?"

Akasoma mawili, matatu, kisha: "Mama Klementina."

"Ndimi huyo!" nikapiga kelele. Nguvu zikapanda, zikashuka, tukarudi nyuma, zikajaa kwenye basi la Nduta lililokwisha kufunga mlango. Vedasto akalipiga ubavuni. "Dereva, ngoja bwana!"

Dismasi alikuwa kiti cha nyuma, mtoto amelala kifuani, simu mkononi.

"Waliniambia umetangulia kambini," akasema, machozi yanamtoka. "Nikaandika jina lako kwenye hotspoti hata hivyo. Najua wewe na waifai ya bure hamwachani."

Mungu ampe Vedasto maisha marefu. Nilimkumbatia yeye kwanza, mume wangu baadaye, mbele ya basi zima.