Asali Isiyo na Mwenyewe

Amefariki fundi wa tovuti aliyekuwa na kibanda karibu na soko, hapa Tabora. Habari nilizipata mtaani Chemchem kwa muuza mkaa, aliyeniambia huku akifunga gunia, "Yule bwana wa kompyuta uliyemwandika gazetini, anazikwa leo saa kumi." Nilikwenda. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamfahamu, ingawa jina sikumtaja, na leo pia simtaji.

Kazi yake ilikuwa ya namna moja. Kila tovuti aliigawa vipande vitatu, mafundi wanaviita fremu: juu jina na namba ya simu ya mwenye biashara, kushoto orodha ya kurasa, katikati habari zenyewe. Vipande hivyo vilionekana pamoja pale tu mtu alipoingia kwa ukurasa wa mbele. Alijifunza hivyo ujanani na hakutaka kingine. "Jina naliandika mara moja tu," aliniambia. "Wenzangu wanaliandika mara ishirini, kama watoto waliopewa adhabu shuleni." Nilimsifu. Alikuwa ametoka kunitengenezea kompyuta bure, na hata chai alininunulia yeye. Jioni ile nilijaribu kumtumia shemeji yangu ukurasa mmoja wa kazi yake, nikashindwa. Popote nilipobonyeza, anwani ilibaki ile ile, na shemeji aliishia ukurasa wa mbele. Kosa nililiona. Nilinyamaza, na baadaye nikampendekeza kwa wafuga nyuki wa Sikonge waliotaka kutangaza asali yao.

Msimu mzima simu yao haikulia. Kisha mfanyabiashara mmoja akapita Sikonge kwa shughuli zake, akaona mapipa yamejaa. "Kumbe asali hii ni yenu? Niliiona mtandaoni. Picha ipo, maelezo yapo, jina hakuna, namba hakuna. Nimeshanunua kwingine." Alipoitafuta, mtandao ulimpeleka moja kwa moja kwenye kipande cha katikati, na kipande hicho hakikuwa na habari za mwenyewe.

Fundi akaitwa kikaoni, nami nikamsindikiza. Mwenyekiti, mama wa makamo, alimnyooshea simu iliyoonyesha tovuti yao kwa herufi ndogo mno. "Fundi, haya maandishi ni ya kusomwa na binadamu au na siafu?"

"Shikamoo mama. Hiyo inataka kompyuta kubwa."

"Marahaba. Hiyo kompyuta kubwa niitundike wapi, kwenye mzinga?"

Watu walicheka wakashika mbavu. Nami nilicheka. Mama akangoja watulie, akasema kwa upole, "Mwanangu, weka jina na namba kila ukurasa. Tunakupa wiki moja." Fundi akakataa. Alisema hawezi kuharibu kazi safi kwa ajili ya watu wa baiskeli wasiojua kompyuta. Kazi akapewa mwingine.

Wiki ile sikuwa na la kuandika, nikamwandika yeye. Niliandika kwamba fundi huyu akijenga nyumba, mgeni atafikia chumbani asijue kaingia kwa nani. Mlinipongeza sana. Mji huu si mkubwa. Kila mtu alimjua ni nani. Wateja wakamkimbia mmoja mmoja, akabaki kutoa kopi za vyeti. Alinijia mara moja tu, hakukubali hata kuketi.

"Kaka, kosa langu uliliona lini?"

"Siku ile ya chai."

Akaondoka.

Makaburini, nyuma yangu, kijana mmoja alinong'ona, "Mwandikieni namba ya simu, malaika wasije wakauliza huyu ni wa nani." Wenzake wakaziba midomo. Mzaha ule ulitoka kwenye safu yangu, kasoro malaika.

Fundi huyu alikuwa mkaidi na mwenye dharau, na kazi yake ilikuwa mbovu, kifo hakiibadilishi. Lakini siku ya chai alikuwa bado na wateja, na asali ya Sikonge ilikuwa bado haijakosa mnunuzi. Huenda angenikatalia pia. Sitajua, kwa sababu ninyi wasomaji niliwaambia kabla yake. Ukiona kosa la mtu, mwambie yeye kwanza, hata kama chai yake bado iko mkononi mwako.