Sitini na Tatu Iliyokwisha

Mpaka leo nikiiona namba sitini na tatu kwenye kioo cha kompyuta, damu hunichemka.

Kazi hii ya kutengeneza kompyuta nimejifunza peke yangu, katika chumba cha nyuma cha duka letu karibu na soko la Darajani, kwa kusoma, kujaribu na kukosea. Skuli niliishia kidato cha pili. Duka ni la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Yeye ana wateja na maneno. Mimi nina bisibisi.

Tuliletewa laptopu za mtumba tuzitengeneze kwa ajili ya wakunga wa shamba. Mfumo wa bure tulioutia ulikwenda vizuri, ila haukuitambua betri. Pale penye kialama cha chaji palikuwa patupu. Mkunga hakuweza kujua amebakiwa na saa tatu au dakika tatu, na umeme wa huko ukikatika hauagi.

Nikaamua kulitengeneza jambo hilo ndani ya kiini, sehemu ya chini kabisa ya mfumo, inayozungumza na vyuma vyenyewe. Ndani ya betri mna chipu ndogo inayohesabu chaji. Msimbo wangu uliiuliza chipu kila baada ya nusu dakika, ukapokea jibu na kulipandisha mpaka kwenye kioo. Ilinichukua miezi minne, na mingi ya miezi hiyo niliimaliza kwenye tatizo moja: mara nyengine chipu hunyamaza, hasa betri ikiwa imefunguliwa na kutiwa seli nyengine. Ikinyamaza, nilikiagiza kiini kiseme haijulikani. Namba inaondoka, kialama kinageuka kijivu.

Shemeji hakupenda. Aliyasema mbele ya wateja, akitabasamu.

"Mtu ukimuuliza hujambo, anakwambia sijambo. Homa ataitaja baadaye. Mashine yako hii inaanza na homa."

Wateja wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akavuta kiti, akabadilisha mstari mmoja. Kwa kunitazama alikuwa ameshajua kiasi hicho. Chipu isipojibu, kiini kirudishe namba ya mwisho iliyojulikana. Niliuona mstari ule. Nilijua maana yake. Lakini ni mkubwa wangu, ni mume wa dada yangu, na watu walikuwapo.

"Haya, kaka," nikasema.

Laptopu moja ilikwenda kituo cha afya cha Uroa. Siku moja umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, akaletwa mjamzito anatoka damu, hajitambui. Mkunga alifungua rekodi yake, akaona imeandikwa kwamba kuna sindano inayomdhuru. Akatazama betri: sitini na tatu. Akaona ana nafasi. Amtie dripu kwanza, aite gari, kisha akae anakili kila kitu kwa utulivu. Aliporudi mezani kioo kilikuwa cheusi. Jina la sindano halikumjia, na gari lilikuwa linasubiri.

Mama yule alifika hospitali ya mjini bila karatasi ya maelezo. Akachomwa sindano ile ile. Alivimba uso mpaka macho yakafumba, na siku tatu watu wake walikaa nje ya wodi hawajui wajiandae kwa lipi. Alipona. Mtoto pia. Hasira yangu haikupungua kwa hilo.

Mkunga alikuja dukani mwenyewe, na laptopu ndani ya mkoba. Ana umri wa mama yangu mdogo. Shikamoo yangu aliipokea kwa kichwa tu.

"Nani kaiambia mashine hii iseme sitini na tatu?"

Shemeji akaanza habari za betri za mtumba na umeme wa shamba.

"Sikuuliza betri. Nimeuliza nani kaiambia."

Nikaiwasha kwa waya, nikasoma kumbukumbu za kiini. Chipu ilikuwa imenyamaza tangu alfajiri ya siku ile. Namba aliyoiona ilikuwa ya alfajiri hiyo, inarudiwa tu. Nikamweleza hivyo, bila kupunguza.

"Ingesema haijui, ningeandika pale pale," akasema. "Mstari mmoja. Wewe ulijua kama inasema uongo?"

"Nilijua, bi mkubwa."

Shemeji alinitazama kama niliyemvua nguo barazani. Nikaufuta mstari wake hapo hapo, yeye amesimama nyuma yangu. Akanambia polepole kwamba nimemvunjia heshima mbele ya mteja. Nikamjibu, bila kugeuka, kwamba heshima yake nilishampa siku ile, na aliyechomwa sindano ni mwengine.

Nikachomoa waya. Baada ya nusu dakika kialama kikageuka kijivu, namba ikaondoka. Mkunga akakitazama, akaomba kalamu, akaketi pale pale kwenye kaunta na kuanza kunakili majina ya wajawazito wake, mmoja baada ya mmoja.