Spika Katika Kabati la Marehemu

"Kuna nguo imetoka humu," shemeji yangu aliniambia hata sijavua viatu. "Na imetoka nyuma kabisa."

"Salamu kwanza hakuna?"

"Salamu baadaye. Nguo iko wapi?"

Nikajifanya sijui. Nikamuuliza kama amezihesabu. Akasema hajafungua mlango wa kabati tangu juzi, alikaa tu kitandani akapiga gitaa, akasikia. Nikacheka. Nikamwambia mtu mzima mwenye mvi hadi masikioni hawezi kusikia nguo ambayo haipo.

Hakubishana. Alichukua gitaa lake la umeme, akapiga sauti moja nzito, akaiacha ife yenyewe. Ndani ya kabati, nyuma ya mlango uliofungwa, kitu kikajibu: tk-tk-tk, kama mtu anayegonga ubao kwa kucha.

"Huo ni ubao wa nyuma," akasema. "Siku zote kulikuwa na koti limeuegemea. Sasa uko uchi. Shemeji, umechukua koti la mke wangu?"

Mimi si mtu wa kutishika ovyo, lakini vinyweleo vilinisimama. Ni kweli nilikuwa nimelichukua jana yake, yeye akiwa kibandani kazini. Ufunguo ninao, na kabati lile nalijua kuliko yeye.

"Nimelichukua. Kabla hajawa mke wako alikuwa mdogo wangu."

"Lirudishe."

"Limelowa."

"Limelowa na nini?"

"Na maji, shemeji! Watu wakifua huwa wanatumia maji."

Akaweka gitaa chini polepole, akanitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imeuzwa.

Inabidi nieleze, maana ukiingia katikati utadhani sote wawili tuna wazimu. Mimi ni dobi. Yeye ni fundi saa, na mtaa mzima unamwita Fundi Saa, hata mimi nikiwa na hasira naye. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliishi naye kwenye ndoa miaka kumi na tisa, akafariki miezi kumi kabla ya ugomvi huu. Hawakupata mtoto. Shemeji alibaki na vyumba viwili, kabati la mbao lililojaa nguo za mke, na gitaa.

Ni mtu wa maneno machache. Jicho lake la kulia lina duara lisilofutika, alama ya ile lenzi ya kutazamia saa. Skrubu anazipanga kwenye vifuniko vya chupa, na ukikohoa karibu nazo anakutazama vibaya. Gitaa alilinunua kwa mpiga muziki mmoja aliyestaafu, lina ufa tumboni. Amplifaya ya dukani, ile mashine ya kukuza sauti, hakuimudu, basi akajiundia kutokana na redio kubwa ya kaseti iliyokuwa imekufa upande wa kanda. Mwanzoni lilikuwa linalia kama nyuki ndani ya kopo la maziwa.

Akalishughulikia kama anavyoshughulikia saa: kitu kimoja, anasikiliza, anaandika kwenye daftari, kesho kitu kingine. Nyuzi zilizochakaa alizivua, akazichemsha kwenye sufuria, akazipangusa kwa kitambaa, zikarudi kulia kama mpya. Mdogo wangu alikuwa anafunua ile sufuria na kupiga kelele, "Haya, wageni karibuni, leo tunakula waya!" Spika aliiweka kwenye ndoo, akaiweka bafuni, akaielekeza kwenye godoro. Kila mahali ilikuwa na kasoro yake.

Alipofiwa ndipo akaipata sauti, na hakuwa anaitafuta. Alitaka kupiga gitaa bila majirani kusema kwamba mgane huyu kasahau upesi. Akaiweka spika kwenye sakafu ya kabati, katikati ya nguo, akafunga mlango. Simu ya kurekodia akaining'iniza humo humo, kwenye mkono wa gauni la kijani, kwa kibanio alichoniomba mimi. Ule ukali wote ukaisha. Ikatoka sauti nene, ya karibu, yenye mkwaruzo kidogo mwanzoni.

Huo mkwaruzo ndio ulionitia baridi. Mdogo wangu tangu utotoni alikuwa na sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Sikumwambia mtu. Lakini siku moja jirani wa mlango wa pili alinikuta kwenye kamba ya nguo.

"Shemeji yako kaoa?"

"Kaoa nani?"

"Mimi nitajuaje? Huyo anayemwitikia kila mchana."

"Ni gitaa hilo."

"Gitaa nalijua," akasema, akachukua ndoo yake akaenda. Tangu siku hiyo alikuwa anazungukia upande wa pili wa nyumba.

Siku nyingine nilimkuta shemeji anapiga, mlango wa kabati umeachwa wazi kidogo. Kila sauti nzito ilipotoka, magauni yote yalijaa kisha yakapwaya, kama kifua cha mtu aliyelala. Shemeji akanieleza ni upepo wa spika, akanishika mkono akauweka mbele yake niuhisi. Niliuhisi. Ila gauni la mwisho kulia, ambalo spika haikulielekea kabisa, nalo lilikuwa linapumua. Nikafunga mlango, nikaenda kwenye pasi zangu.

Sasa, saa hazitengenezwi tena. Watu wanatazama simu. Kuna wiki alikuwa anabadilisha betri mbili tu, akirudi anakunywa chai kavu na kusema hana njaa. Ndipo mwenye studio mmoja akasikia kipande alichorekodi. Akampigia.

"Mzee, unatumia mashine gani?"

"Ya zamani," shemeji akasema, na hakudanganya.

Akapewa kazi ya kupiga gitaa kwenye nyimbo tatu, apigie nyumbani, atume kwa simu. Mbili zilikuwa zimekwenda. Ya tatu ilitakiwa Ijumaa saa tisa mchana, na mwenye studio alisema wazi: ikija na sauti ile ile, Fundi Saa atakuwa mpiga gitaa wake wa kudumu, ikija tofauti, atatafuta mwingine. Na Jumamosi dada yetu mkubwa alikuwa anakuja kugawa nguo za marehemu, na dada mkubwa akishasema anakuja, hata mvua inasubiri kando. Kwa hiyo ilikuwa Ijumaa ile au basi tena. Na mimi, Jumanne, nikaenda kulichukua koti.

Alhamisi jua lilikuwa kali. Koti la sufu likakauka, nikalipiga pasi kwa kitambaa chenye unyevu, Ijumaa saa sita nikampelekea. Akalinusa.

"Linanukia sabuni."

"Ulitaka linukie nini, samaki?"

Akalitundika mahali pake, akafunga, akapiga. Ile tk-tk-tk ilikuwa imeisha. Lakini sauti ilitoka safi na baridi, kama kijiko kipya. Hata mimi nilisikia.

"Hii siyo," akasema.

"Koti ni lile lile."

"Koti ni lile. Hii siyo."

Akahamisha spika kidole kimoja kushoto. Akasogeza magauni. Akapunguza ukali, akaongeza. Siyo.

Halafu kuna ule mvumo. Gitaa lake linavuma lenyewe, mmmm, muda wote. Ukiweka kiganja juu ya nyuzi unakatika, ukiondoa unarudi. Alinieleza kwamba mwili wa mtu unaumeza. Ila fundi wa kuchomelea vyuma, nyumba ya nyuma, akiwasha mashine yake, mvumo unakuwa mnyama na kiganja hakitoshi. Ndiyo maana shemeji anarekodi saa saba, fundi akienda kula. Siku hiyo fundi alikuwa na geti la mtu la kumaliza. Hakwenda kula. Ikafika saa saba, ikafika saa nane, na cheche zinaruka dirishani, na kabati linanguruma kama lina mbwa ndani.

Saa nane na robo shemeji aliwasha simu irekodi, akaitundika, akafunga kabati, akakaa kitandani na gitaa mapajani. Kisha akainua mikono yote miwili akashika kichwa.

"Miezi kumi hukuligusa," akasema. Hakupaza sauti. "Ulishindwa kungoja siku tatu? Kwa nini ulilifua, shemeji?"

Ningeweza kumjibu kwa ukali, majibu ninayo mengi. Lakini jibu lenyewe likatoka.

"Aliniomba."

"Nani?"

"Mke wako. Siku mbili kabla hajalazwa. Dada mkubwa alikuwa anamsuka nywele pale mlangoni. Akanipa hili koti mkononi, akasema, dada, nifulie, sitaki kwenda hospitali nanuka jiko. Nikamwambia kesho. Nilikuwa na shuka za nyumba ya wageni, rundo hili. Kesho yake nikamwambia kesho. Wateja nawafulia kwa siku, wa damu yangu nikamwambia kesho. Nikaja kulirudisha kabatini chafu vile vile, yeye keshalazwa. Na Jumamosi litatoka. Nisingelifua sasa, lingekwenda kwa mtu hivyo hivyo."

Shemeji akalitazama kabati.

"Alivaa sweta langu kwenda huko," akasema. "Nilidhani amelipenda."

Hapo nikageuka. Sikumgeukia yeye. Nilisimama mbele ya kabati kama mtu aliyepeleka nguo mlangoni kwa mteja.

"Nimekufulia," nikasema. "Nimechelewa, lakini nimekufulia. Na pasi nimepiga."

Mvumo ukakatika.

Sisemi ulipungua. Ulikatika, kama ulivyokuwa unakatika shemeji akiweka kiganja. Nikamtazama. Mikono yake ilikuwa bado kichwani, nyuzi ziko wazi, hakuna aliyezigusa. Taa nyekundu ya amplifaya inawaka. Nyuma ya nyumba fundi anachomelea, krrr, krrr, cheche nilikuwa naziona.

"Umekanyaga waya?" akaninong'oneza.

"Niko huku. Waya uko kwako."

"Usisogee."

Akashusha mikono taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto, akaanza kupiga. Ikatoka ile. Nene, ya karibu, na ule mkwaruzo mwanzoni mwa kila sauti, wa mtu aliyeamka sasa hivi. Wimbo ule una sehemu tatu za kunyamaza, ambapo mpigaji anaondoa mikono kabisa. Mara zote tatu aliiondoa, na mara zote tatu kulikuwa kimya, na nilikuwa nauona mlango wa kabati ukisogea ndani kidogo, kisha ukirudi. Nilitaka kukimbia, na nilitaka wimbo usiishe.

Aliiacha sauti ya mwisho ife yenyewe. Ilichukua muda mrefu. Ilipokwisha kabisa tukasubiri, yeye kitandani, mimi katikati ya chumba, kisha mvumo ukarudi, mmmm, kama mtu ameondoa mkono.

Alipofungua kabati koti lilikuwa limetulia mahali pake, nyuma kabisa. Akachukua simu, akakata yale maneno yetu ya mwanzo, akatuma ikiwa imebaki dakika saba. Mwenye studio hakukawia.

"Mzee, hiki kichujio cha kelele umekinunua wapi? Ni bei gani?"

Shemeji akanigeuzia simu. "Nimjibu nini?"

"Mwambie hakiuzwi."

Kazi aliipata, na anayo hadi leo. Kabatini sasa kuna vipande vya sponji alivyoomba kwa mshona makochi, na blanketi mbili. Sauti ni nzuri, mwenye studio hana neno, ila kila mara anasema zile tatu za mwanzo zilikuwa na kitu. Mvumo upo, na haujawahi kukatika tena bila mkono wa mtu. Jirani wa mlango wa pili amerudia njia yake ya zamani.

Lakini kabla ya yote hayo kulikuwa na Jumamosi. Dada mkubwa alikuja na mabegi matatu, akaketi kitandani, akaamuru kabati lifunguliwe. Shemeji alikuwa ameshaitoa spika. Zilitoka nguo moja moja: gauni la kijani, magauni ya kazini, sketi, shali. Dada alikuwa anataja mtu, anakunja, anaweka. Shemeji alisimama dirishani akitugeuzia mgongo. Koti lilitoka la mwisho.

Dada akalipeleka puani. Akaacha kutaja majina.

"Nani amelifua hili?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumanne."

Akaligeuza kola, akaikagua kwenye mwanga wa dirisha kama mteja mgumu, kisha akapitisha kidole gumba kwenye pindo la mkono wa kulia.

"Hapa palikuwa na mafuta."

"Yalikuwepo. Nilisugua mara tatu."

"Ulichelewa."

"Nilichelewa, dada."

Akanitazama. Mimi nikatazama sakafu, jambo ambalo huwa silifanyi kwa mtu yeyote. Kisha nikasikia analikunja, mikono kwa ndani, vizuri, kama mama alivyotufundisha.

"Haya," akasema. "Limetakata. Lete begi lingine."