Mahindi ya Losalio

Mpaka leo, mtu akikamua ndimu juu ya hindi lililotoka motoni, na ule mvuke mkali ukanipanda puani, mimi hurudi Machakos mjini, kwenye tamasha la vyakula, nikiwa mtoto wa darasa la nne aliyeapa kutosema tena Kiswahili mbele za watu.

Niwaeleze kwanza kiapo hicho. Tulikuwa wageni Mumbuni, mtaa wa Machakos, kwa sababu mama alikuwa amepata kazi ya uuguzi mjini. Kabla ya hapo nililelewa Mwala na Susu, nyanya yangu mzaa mama, na kwake tuliongea Kikamba kuanzia chai ya asubuhi hadi sala ya kulala. Kikamba chetu hakina r. Basi siku niliposimamishwa darasani kusoma kwa sauti, karatasi ikawa kalatasi, rafiki akawa lafiki, na darasa zima likaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni Ndinda wa dawati la mbele. Tangu hapo, mwalimu akiniuliza swali, nilitikisa kichwa tu.

Siku ya tamasha mama alikuwa na zamu, kwa hiyo nilienda na Susu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea. Uwanja ulinukia nyama choma, pilau na samaki wa kukaanga, na kila banda lilikuwa na watu, isipokuwa moja kule karibu na ua. Hapo alisimama mwanamke mgeni mwenye msuko mmoja mrefu, aproni yake ingali safi kama asubuhi. Kibao chake kilisema: Vyakula vya Mexico. Watu walifika, wakachungulia, wakapita.

"Mahindi yamepakwa losheni," jamaa mmoja alimwambia mwenzake.

Susu akasimama pale pale. "Muulize hicho cheupe ni nini," akaniambia kwa Kikamba.

Nikatikisa kichwa.

"Mwende mjukuu wangu, mimi nimetoka nyumbani na njaa. Uliza."

Kwa Susu hakukuwa na mara ya tatu. Nikanong'ona swali langu huku nikitazama viatu. Yule mwanamke aliinama kunisikia, uso ukamchangamka.

"Karrribu! Hii jibini. Hii pilipili, hii ndimu. Mimi jina Rrrosario."

Nilimkodolea macho. Alikuwa na r nyingi kuliko alizohitaji, na mimi sikuwa na hata moja. "Asante, Losalio," nikasema, na yeye akalirudia jina hilo polepole, kama mtu anayejaribu kofia, kisha akacheka kwa furaha.

Alitupatia hindi la kuchoma lililopakwa mayonezi na jibini, na vichapati vidogo vya unga wa mahindi vilivyobeba nyama ya mbuzi na dania. Mdomo wangu ulipata moto, chumvi na uchachu kwa pamoja. Machozi yalinitoka na sikutaka kuacha. Susu alitafuna bila haraka, akafuta kidevu kwa ncha ya leso.

"Mahindi, mbuzi, pilipili," akasema. "Huyu ni Mkamba aliyepotea. Sasa waite watu. Chakula kisiliwe na nzi."

"Susu, watanicheka."

"Wakicheka watakuwa wamesimama. Ita."

Nikaita. Sauti ya kwanza haikufika popote. Ya pili ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga: "Njooni muonje mahindi ya Losalio! Halufu yake tu inashibisha!" Watu wakageuka. Wakacheka, ndiyo, lakini walikuja wakicheka. Nyuma yao nikamwona Ndinda na dada yake.

"Kwani unaongeaga?" Ndinda akaniuliza.

Nikamnyoshea hindi langu. Aliuma kama mtu asiyeogopa kitu. Pilipili ikampata, akaanza kurukaruka huku akipepea ulimi, na aliponiona nikicheka, naye akacheka. Tulibaki pale hadi sufuria ya nyama ikaisha, tukiita kwa zamu, yeye na r zake, mimi na l zangu. Jumatatu alinihifadhia nafasi kwenye dawati lake.

Miaka mingi baadaye nilimsindikiza Susu soko la Masii kuuza mbuzi. Mnunuzi alikuwa mtu wa pwani, mjanja wa maneno. Susu alimkabili kwa Kiswahili ambacho sikuwahi kumsikia nacho, kilichonyooka, chenye mizaha na r zote mahali pake, mpaka yule bwana akanyosha mikono na kukubali bei. Nilisimama nimeshika kamba ya mbuzi, mdomo wazi.

"Susu, kumbe unajua Kiswahili?"

"Nimeuza mbuzi hapa tangu mama yako hajazaliwa," akasema, akikaza fundo la leso yake. "Ningekosaje kukijua?"

Kisha akatangulia kutafuta chai, na mimi nikabaki nyuma kidogo, nikimtazama mgongo na kulikumbuka lile "Uliza" lake la Machakos.