Refa Mideva na Uji wa Soya

Wasichana wa shule za Lurambi walimjua Winrose Mideva kwa jina moja tu: Refa. Siku za wiki aliuza sweta za mitumba katika soko la Kakamega. Jumamosi alivaa nyeusi, akaning'iniza filimbi shingoni, akakimbia dakika tisini na wachezaji wenye nusu ya umri wake. Alikuwa na miaka thelathini na sita na alijivunia jambo moja, kwamba hakuna aliyewahi kumwambia alikuwa mbali na mpira.

Halafu mwili ukamgeuka.

Ilianza na baridi. Mchana wa jua kali, wateja wakijipepea kwa makaratasi, yeye alivaa sweta mbili kati ya zile alizokuwa akiuza. Ukafuata usingizi, alilala juu ya belo la nguo mpaka mteja akachoka kumwita, akaenda zake. Nywele zilibaki kwenye kitana. Sauti ilikwaruza. Suruali ya urefa ikakataa kufunga kiunoni.

"Mama George, isije ikawa ni mimba," mumewe Sylvanus alimwambia jioni moja, akimwona amekaa katikati ya ngazi za ploti yao kule Shirere, bado ghorofa moja kufika nyumbani.

"Mimba gani hii ya kuninyima pumzi?" alijibu, na hakucheka.

Januari ilileta majaribio ya waamuzi: mita sabini na tano mbio, mita ishirini na tano kutembea, mara arobaini, yaani mizunguko kumi ya uwanja, na ukichelewa mara mbili umekwisha. Winrose alitolewa kabla ya kufika nusu. Mwalimu Patroba, mstaafu aliyewasimamia marefa wote wa pale, alimfuata alipokuwa amejilaza kwenye nyasi.

"Mideva, pumzika mwaka huu. Utanisaidia na karatasi za ofisini."

"Sawa, Mwalimu," alisema. Lakini alijua refa wa umri wake akizoea karatasi, uwanja humsahau.

Hospitalini walimtoa damu, na daktari akamweleza taratibu. Tezi ndogo ya shingoni, ile inayouambia mwili uchangamke au upoe, ilikuwa inashambuliwa na kinga yake mwenyewe, kama askari aliyegeuka kumpiga bwana wake. Ugonjwa huo haukuwa na mwisho, ila ulidhibitika. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku ya maisha yake.

Akameza, mwezi baada ya mwezi, bila kukosa hata siku moja. Vipimo vya Agosti vilipotoka, damu ilikuwa karibu vile vile. Daktari alikunja uso, na kabla ya kuongeza dawa akamtuma chumba cha pili kwa Asiya, mtaalamu wa lishe, mama wa Mumias mwenye sauti ya chini na maswali yasiyoisha.

"Niambie asubuhi yako, dada. Tangu unapofungua macho."

"Naamka, napika uji, nameza dawa, naenda sokoni."

"Dawa unameza na nini?"

"Na huo uji."

"Uji wa nini?"

Winrose alijivuna kidogo. "Wimbi na soya, na maziwa juu. Nilisikia soya inaleta nguvu, kwa hivyo mimi huweka nyingi."

Asiya aliweka kalamu chini. "Subhanallah. Dada yangu, soya na maziwa vinaishika hiyo dawa tumboni, haifiki kwenye damu vizuri. Miezi yote hii, nyingi imekuwa ikipita tu kwenda chooni."

Winrose alicheka mpaka machozi yakatoka, kisha machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Alikuwa amejilaumu kwa uvivu na kwa uzee. Kumbe adui alikuwa kwenye kikombe.

Walianza hapo. Kidonge alfajiri, kwa maji matupu, kisha saa nzima bila kitu mdomoni. Uji wa soya ukahamia saa kumi jioni. Chai ya maziwa yenye sukari, aliyokuwa akinywa vikombe vitano sokoni ili asilale, ikabaki kikombe kimoja cha mchana. Mandazi yakapisha viazi vitamu na mayai ya kuchemsha. Jioni alikula obusuma, ule ugali wa kwao, kipande cha kiasi, mboga ya mrenda au kunde, na omena au ingokho, kuku wa kienyeji. Kuhusu ngano Asiya hakumtisha. "Si kila mtu inamsumbua. Iache majuma sita, uusikilize mwili wako." Winrose aliiacha, na tumbo lililokuwa likimjaa kila jioni likatulia.

Kazi ngumu ilikuwa watu. Kwenye matanga ya jirani kule kwao, Senge Milcah, dada ya baba yake, alimletea chai na mandazi manne, akasimama kumngoja ale.

"Asante, Senge. Nitakula viazi."

"Umekuwa mtu wa mjini? Sisi tunakulanga hii tangu tuzaliwe!"

Wanawake waligeuka kutazama. Kukataa chakula cha mtu hadharani si jambo dogo. Winrose aliinuka, akamshika shangazi yake mkono, akauweka kwenye shingo yake mwenyewe. "Senge, hapa ndani kuna ugonjwa. Ninataka kukimbia tena." Milcah alirudi jikoni, akatoka na sahani ya viazi na ndizi za kuchemsha, akawafokea waliokuwa wakitazama.

Novemba baridi iliondoka. Alijikuta amevua sweta bila kukumbuka ameivua saa ngapi. Akapata nguvu mpaka akamwambia Asiya, "Sasa naona niache hata vidonge, chakula kimeniponya."

"Chakula hakijakuponya," Asiya alisema, mara hii bila tabasamu. "Kimeisaidia dawa ikusaidie. Ukiacha kimojawapo, utarudi ulikotoka."

Hakuacha. Vipimo vya Desemba vilikuwa vizuri, na daktari akampa mkono. Kila alfajiri, baada ya kidonge, aliitumia ile saa ya kusubiri kula kukimbia kuelekea Lurambi na kurudi.

Januari akajipanga tena mstarini. Mzunguko wa tano miguu ilikuwa bado inamtii. Wa nane kijana mmoja alianguka mbele yake, akamruka. Wa kumi ulipoisha, Mwalimu Patroba alitazama saa yake mara mbili, akavua kofia.

"Umepita, Mideva. Na umewaacha wanaume wanne."

Winrose alipiga filimbi ndefu mpaka bodaboda wa barabarani wakasimama kuangalia.

Mwezi uliofuata walimpa fainali ya wasichana, yeye akiwa refa wa kati. Dakika tisini zikaisha bila bao, wakalazimika kuongeza thelathini. Jua lilikuwa linachoma. Wachezaji ishirini na wawili walikuwa wameshika viuno, wengine wamelala chali, makocha wakiwamwagia maji vichwani. Refa peke yake alikuwa akirukaruka kwenye duara la kati, mpira kwapani, akiwaita.

"Haya, mabinti! Simameni, bado tunacheza!"