Kibao cha Mama

Sesilia alikuwa mtu mzima tayari, lakini akili yake ilibaki ya mtoto mdogo na maneno aliyoyamudu yalikuwa machache mno. Baba yake, Albano, fundi vinyago wa Mbagala aliyetokea Newala, alimlea peke yake tangu mkewe Filomena afariki, mwaka mmoja kabla ya operesheni ya vijiji vya ujamaa.

Siku moja jirani yao, mwalimu Demetria, alileta kadi za picha kutoka Ulaya, za kuwasaidia wasioweza kusema waombe wanachotaka. Sesilia akaishika ile ya chakula: mtoto mmoja mezani, sahani moja, peke yake. Akaanza kulia.

"Anaogopa nini?" Demetria aliuliza.

"Hapa kwetu anayekula peke yake ni aliyefukuzwa kwenye sinia," Albano akasema. "Anadhani tunamwadhibu."

Demetria akazirudisha kadi mkobani. "Basi Baba Sesilia, ufundi unao. Mchongee za kwetu."

Albano akachonga vibao: sinia lenye mikono mingi, ndoo bombani, mkeka wa kulalia. Sesilia akaelewa upesi. Akikuletea ndoo, mnakwenda bombani. Akikuletea sinia, mnakula. Hata majirani waliozoea kumpita kimya sasa walimwitikia.

Ndipo akaleta kipande kitupu cha mti. "Mama," alisema.

Albano alikwepa kwa siku kadhaa, mwisho akachonga: mwanamke mwenye chale usoni, kitambaa kichwani, mchi mkononi. Sesilia akamkabidhi baba yake kibao hicho, kisha akakaa mlangoni kungoja, maana kila kibao kilileta kitu chake. Hiki hakikuleta. Kesho yake akamkabidhi tena.

"Nikifiche, mwalimu?" Albano akamuuliza Demetria.

"Ukikificha utakuwa umemziba mdomo. Mpe ulicho nacho."

Alichokuwa nacho ni wimbo aliouimba Filomena akitwanga. Akauimba kwa Kimakonde. Sesilia akatulia, akafuata mapigo ya mchi kwa kiganja gotini. Tangu hapo, akileta kibao cha mama, baba huimba.

Miezi ikapita, akawa anakileta mara mojamoja. Jioni moja ya mvua hakukileta kabisa. Alikuwa barazani akicheka na watoto wa Demetria. Albano alingoja, patasi mkononi, kazi haiendi. Mwishowe akakichukua mwenyewe, akaenda kuketi kando ya bintiye, akamkabidhi.

Sesilia akakipokea, akamtazama usoni. Kisha akaanza kuimba, maneno nusunusu, akipiga goti la baba yake.